Bi Nukta na Lita Ishirini na Sita

Jina lake halisi liko kwenye vyeti na kwenye kadi ya kliniki, na huko ndiko linakokaa. Mtaani, kazini, hata kwa mama mkwe wake, yeye ni Bi Nukta.

Alilipata jina hilo akiwa na miaka tisa, kwenye karakana ya baba yake, aliyekuwa mkata vioo. Baba alikuwa akipima dirisha kwa rula ndefu ya chuma na kumtajia bintiye vipimo, binti anaviandika kwa chaki ubaoni. Siku moja baba akataja sentimita sitini na mbili. Binti akachungulia ile rula, akasema si sitini na mbili, ni sitini na moja nukta saba. Baba akamwambia hiyo tofauti ni unywele tu, asimcheleweshe, mteja anasubiri. Akakata kioo kwa sitini na mbili. Kufika dirishani, kioo kikagoma kuingia. Baba akakisukuma kwa kiganja, akakibembeleza, akakisukuma tena, na kioo kikalia ta, kikapasuka kona hadi kona. Baba alifagia vipande, akachukua kioo kingine, kisha akauliza bila kumtazama, "Nukta ngapi?" Tangu siku hiyo hakukata kioo kabla ya kuuliza hivyo, na mafundi wa jirani, ambao hawakuwa na kazi nyingi asubuhi ile, wakaona hapo pana jina.

Shuleni alizipenda hesabu kama wenzake walivyopenda mpira. Alipofika kidato cha tatu, siku ya kugawanywa kwenye masomo, mwalimu wa taaluma aliwapanga mstari na kueleza kwamba vigoda vya maabara havitoshi. Kwa hiyo wavulana wataingia fizikia na kemia, na wasichana wataingia sayansi kimu, ya mapishi na ushonaji, ambayo nayo ni sayansi, hata jina lake linasema. Binti akanyoosha mkono. Akasema vigoda vya maabara ni ishirini na vinne, amevihesabu, na wavulana ni kumi na saba, kwa hiyo vinabaki saba. Mwalimu akamwuliza ni nani aliyemtuma kuhesabu vigoda. Hakutumwa na mtu. Akaingia sayansi kimu kama wenzake, akawa wa kwanza darasani miaka miwili mfululizo, kwa sababu ni yeye pekee aliyepima unga kwa mizani. Wengine walikadiria kwa jicho. Vile vigoda saba vilibaki vitupu hadi alipomaliza shule. Alijua kwa sababu kila akipita dirishani alivihesabu upya.

Akaolewa na fundi viatu, mtu mpole anayesema maneno kumi kwa siku, tisa kati ya hayo yakihusu soli. Wakajaliwa watoto wawili. Mtoto wa pili alipoanza shule, Bi Nukta akapata kazi kwenye mtambo wa kusafishia maji, upande wa maabara. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vyombo: chupa, mirija, vikombe vya kioo vyenye mistari pembeni. Aliosha miaka kumi na mmoja.

Maabara hiyo ilikuwa ya Mama Mkemia, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyekuwa wa kwanza wa jinsia yake kuajiriwa upande ule na asiyependa kukumbushwa habari hiyo. Mwaka wa pili wa kuosha, Bi Nukta alimwambia kwamba kuna chupa imebaki na dawa kidogo, aimwage au aiache? Mama Mkemia hakugeuka.

"Usiniambie kidogo. Sema ngapi."

Bi Nukta akainua chupa hadi usawa wa macho, akasoma, "Mililita nne nukta mbili."

Mama Mkemia akaacha kalamu, akaja kutazama mwenyewe. Zilikuwa nne nukta mbili. Kesho yake kando ya sinki palikutwa kitabu cha kemia cha kidato cha kwanza, kimechanika jalada, kimewekwa kama kitu kilichosahauliwa na mtu. Bi Nukta alipokirudisha baada ya mwezi, palikutwa cha kidato cha pili. Hivyo ndivyo walivyokwenda, bila hotuba. Maswali alikuwa akiulizwa mikono ikiwa kwenye povu, na akikosea alirudishiwa swali lile lile kesho yake, kama chombo ambacho hakikutakata.

Alipojiandikisha kufanya mtihani wa kemia na fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, wifi yake alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema wenzake wanajiandaa kuitwa bibi, yeye anajiandaa na kidato cha nne. Hata hivyo akajitolea kukaa na watoto, maana mwenye kucheka naye ana moyo. Mara ya kwanza Bi Nukta alifeli kemia. Si kwamba hakuijua. Kwenye chumba cha mtihani wa vitendo alipewa mirija yenye madoa, na mkono wake wa miaka mingi ukashindwa kuvumilia: alitumia dakika ishirini za kwanza kuviosha vyombo vyote upya, na muda ukamwishia katikati ya swali la pili. Mara ya pili alikwenda amejiapiza kutotazama madoa. Akafaulu. Baada ya hapo ikaja miaka mitatu ya chuo, kila Jumamosi, na alipotimiza miaka thelathini na tisa akavaa koti jeupe: fundi sanifu wa maabara, kwa majaribio ya miezi sita. Sinki halikupewa mtu mwingine. Walikuwa wanangoja waone.

Sasa, mambo ya maji yako hivi. Maji ya mto hupitishwa kwenye mchanga, kisha hutiwa dawa ya klorini kabla ya kuteremka mitaani. Dawa ikipungua, watu wanaumwa matumbo. Ikizidi, chai inanuka kama shuka lililotoka kufuliwa. Kazi ya Bi Nukta ilikuwa kuchota maji yanapotoka mtamboni, saa mbili asubuhi na saa nane mchana, kuyamimina kwenye neli, mrija mdogo wa kioo, kutumbukiza kidonge na kutazama rangi. Maji yanageuka mekundu mepesi. Yakikolea, dawa ni nyingi, yakipauka, ni kidogo. Kifaa kidogo cha mezani kinaisoma hiyo rangi na kutoa namba. Namba inayotakiwa ni sufuri nukta tano.

Mwezi wa tano wa majaribio, mtambo ulifungiwa mashine mpya ya kutia dawa. Ya zamani ilikuwa bomba na koki, na aliyekuwa akiifungua na kuifunga ni mzee mmoja wa zamu ambaye kwa sababu hiyo aliitwa Mzee Koki. Mashine mpya haikuhitaji kushikwa. Unaiambia mara moja tu saa ya kuongeza dawa na saa ya kupunguza, basi, inajiendesha yenyewe kila siku. Injinia wa mtambo, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, alimwandikia Mzee Koki maagizo kwenye karatasi: saa 1 asubuhi hadi saa 5 asubuhi, lita nne kwa saa, kwa kuwa ndipo watu wote wanapofungua mabomba; muda mwingine wote, lita moja kwa saa. Mzee Koki akabonyeza kama alivyoandikiwa, akaibandika ile karatasi ukutani, akakaa.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kila siku saa mbili asubuhi, wakati mashine ikitakiwa kumwaga lita nne, kipimo cha Bi Nukta kilisoma sufuri nukta moja. Mchana kilipanda hadi nukta nne. Na huku, watu wa nyumba za juu, zilizo karibu na mtambo, walikuja ofisini kulalamika kwamba maji ya alfajiri yananuka dawa hadi macho yanawasha. Injinia alikwenda kulitazama pipa la dawa. Pipa lilikuwa likipungua lita thelathini na sita kila siku, hesabu ile ile iliyokusudiwa. Mashine haikuwa na kosa. Sasa kosa liko wapi?

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya majaribio, Injinia alimwita Bi Nukta ofisini. Hakupandisha sauti. Alimwonyesha fomu za wiki sita, zote zikiwa na nukta moja za asubuhi.

"Dada, watu wanalia dawa imezidi, wewe unaandika imepungua. Pipa linasema sawa, mashine inasema sawa. Aliyebaki ni nani?"

Injinia akaeleza kwamba Ijumaa mchana anatakiwa kupeleka makao makuu barua ya kumthibitisha kazini au ya kutomthibitisha. Hajamkatia tamaa, alisema, lakini hawezi kusaini jina la fundi ambaye namba zake hazipatani na kitu chochote. Kama jambo hili halijaeleweka hadi siku hiyo, ataomba fundi mwingine kutoka kituo kingine, na yeye Bi Nukta asihofu, hatakosa kazi. Pale sinki pana nafasi. Alilisema hilo la mwisho kwa wema, na ndilo lililouma.

Bi Nukta alianza kwa kujishuku mwenyewe, kama walivyozoea watu walioingia kwa mlango wa nyuma. Jumanne aliosha kila chombo mara tatu. Alifungua pakiti mpya ya vidonge. Alikipima kile kifaa kwa maji ya majaribio ambayo namba yake inajulikana, na kifaa kikaijibu namba hiyo bila kusitasita. Kisha akachota maji ya saa mbili. Sufuri nukta moja.

Mzee Koki alikuwa amesimama mlangoni akimtazama, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa na mazoea ya kuja kutazama. Tangu siku Bi Nukta alipovaa koti jeupe alikuwa akimwita "daktari" na kumwuliza kama leo maji yana homa. Siku hiyo hakumtania.

"Andika nusu yaishe, bibie," alisema. "Nukta tano si ni nusu? Nusu ya sufuri nayo nani ataiona?"

Na kwa kweli kalamu ilikuwa mkononi, na kisanduku cha fomu kilikuwa kitupu. Hakuna ambaye angejua. Injinia angefurahi, barua ingesainiwa, sinki lingepata mtu mwingine. Bi Nukta aliitazama ile neli yenye maji yaliyopauka kama maji ya kusuuzia kikombe, akafikiria watu wanaoyanywa saa ile. Akaandika nukta moja. Mzee Koki akaguna, akaenda zake na chai yake, akisema kwamba wasomi huwa hawasaidiki.

Mama Mkemia wiki hiyo hakuwepo. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho na amelazwa. Jumanne jioni Bi Nukta alipiga simu wodini, akaanza kueleza kila kitu tangu mwanzo, vidonge, vyombo, pipa, nyumba za juu.

"Unapima saa ngapi?" Mama Mkemia aliuliza.

"Saa mbili na saa nane."

"Na saa zilizobaki, maji yanasimama?"

Bi Nukta akaitazama fomu yake: visanduku viwili tu kwa siku.

"Haya. Jicho linanitoka machozi, muuguzi ananikodolea. Kwaheri."

Basi Jumatano alipima kila saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Saa moja, nukta moja. Saa mbili, nukta moja. Saa tano, nukta mbili. Mchana, watu walipoacha kufua na kuoga, namba zikapanda hadi nukta tatu, nukta nne. Alizichora kwenye karatasi ya miraba, nukta kwa nukta, akaziunganisha kwa mstari. Mstari ulipanda taratibu kama mgongo wa kobe, lakini hakuna mahali popote uliporuka. Na kama mashine ingebadilika kutoka lita nne hadi lita moja saa tano asubuhi, kama karatasi ya ukutani ilivyosema, mstari ungetakiwa kuanguka hapo kama mtu aliyekosa ngazi. Haukuanguka. Mchana kutwa, mashine ilikuwa ikitoa dawa kwa mwendo mmoja tu.

Alikaa na karatasi hiyo hadi mlinzi akaja kumwuliza kama anafunga. Pipa linapungua lita thelathini na sita, hilo halina ubishi. Mchana dawa haitoki ya kutosha, hilo nalo limepimwa. Dawa haiwezi kutoka pipani na isiende popote. Kwa hiyo inatoka wakati ambao yeye hayupo.

Alishuka kwenye chumba cha mashine na kipande cha chaki. Pipa lilikuwa la plastiki nyeupe inayoonyesha ndani, na pembeni lina mistari ya lita. Saa kumi na moja kamili akachora alama mahali dawa ilipofikia. Njiani kurudi nyumbani akaifanya hesabu kichwani. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja asubuhi ni saa kumi na nne. Kama maagizo yanafuatwa, ni lita moja kila saa, kwa hiyo kesho atakuta zimepungua kumi na nne. Mumewe alipomwona hali chakula, akamwuliza anaumwa nini. Akajibu kwamba anangoja kumi na nne. Mumewe akafikiri, akasema kumi na nne ni saizi ya mguu mkubwa sana, akarudi kwenye soli yake.

Alhamisi saa moja asubuhi hazikuwa kumi na nne. Bi Nukta alihesabu mistari kutoka kwenye chaki hadi usawa wa dawa, akahesabu kutoka chini kwenda juu, kisha akaweka kidole juu ya kila mstari kama mtoto wa chekechea. Lita ishirini na sita.

Kumi na nne toa kwenye ishirini na sita, zinabaki kumi na mbili. Lita kumi na mbili za ziada. Ukiongeza kutoka lita moja hadi lita nne, ziada ni tatu kila saa. Tatu zinaingia kwenye kumi na mbili mara nne. Saa nne kamili. Zile saa nne za kumwaga dawa nyingi zilikuwepo, hazikupotea hata dakika. Ila zilikuwa zimekwenda kukaa usiku, watu wamelala na mabomba yamefungwa. Dawa ilikuwa ikijaa kwenye mabomba hadi alfajiri, ikawawasha macho wa nyumba za juu, kisha watu wote wanapoamka kuoga na kupika, mashine ilikuwa tayari imerudi kwenye lita moja.

Mzee Koki alikuwa anaanza zamu. Bi Nukta alimwomba amwonyeshe jinsi alivyoiwekea mashine saa. Mzee hakuona ubaya. Alikuwa akijivunia kwamba aliijua bila kufundishwa mara mbili. Akabonyeza, kioo kikawaka, namba zikatokea: kuanza, 01:00. Kumaliza, 05:00.

"Saa moja hadi saa tano," alisema Mzee Koki, akigonga karatasi ya ukutani kwa ukucha. "Hatua kwa hatua kama nilivyoandikiwa."

Juu ya zile namba kulikuwa na kipande cha plasta ya kidonda kilichobandikwa kwenye kona ya kioo. Bi Nukta akauliza kimefunika nini. Mzee Koki akajibu kwamba ni saa ya mashine, ameifunika tangu wiki ya kwanza kwa sababu ni mbovu, inadanganya watu. Bi Nukta akaibandua. Saa ya ukutani ilikuwa saa moja na dakika arobaini. Ya mashine ilikuwa 07:40.

Wakatazama wote wawili, ukutani na mashineni.

"Mzee wangu," Bi Nukta alisema pole pole, "hii haijaharibika. Inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa moja yetu, kwake ni saba. Ukiiambia moja, inaelewa saa saba ya usiku."

Mzee Koki alirudi nyuma hatua moja, kama vile mashine imemtukana. Alihesabu kwa vidole, akarudia, kisha akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Kwa wiki sita. Akauliza kama kuna mtu amekufa. Bi Nukta akasema hajasikia hivyo, ila kwenye zahanati matumbo yamekuwa mengi mwezi huu. Mzee akavua kofia. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Bi Nukta hakuwahi kuisikia kwake, akapendekeza waibadilishe sasa hivi, wao wawili, na lisitoke nje ya chumba. Amebakiza miezi minane astaafu.

Waliibadilisha hapo hapo, 07:00 hadi 11:00, maana maji hayangoji kikao. Lakini Bi Nukta alimwambia kwamba kulificha hataweza, kwa sababu fomu zake za wiki sita zitabaki kuwa za uongo mbele ya watu, na yeye pamoja nazo. Alichoahidi ni kimoja: ataieleza saa, hatamtaja aliyebonyeza.

Ijumaa saa mbili asubuhi alichota maji. Kidonge kikayeyuka, neli ikawa nyekundu kama ua. Sufuri nukta tano. Alirudia mara nne, si kwa shaka, bali kwa sababu ilikuwa inapendeza kutazama.

Saa sita mchana waliketi ofisini kwa Injinia. Mama Mkemia alikuwa ametoroka mapumziko yake, jicho moja limefunikwa bandeji, na alikaa kwenye kona kama mtu aliyepita tu. Bi Nukta akaweka mezani karatasi ya miraba na hesabu ya pipa. Alieleza kuanzia chaki hadi lita ishirini na sita, kisha akasema mashine ilikuwa imewekewa saa moja ya kwake badala ya saa moja yetu. Hakuongeza.

Injinia alizitazama zile hesabu muda mrefu. Alichukua kalamu mojawapo, akazifanya upya pembeni, akafika pale pale. Akauliza kwa nini hakumwambia haya tangu Jumatatu.

"Jumatatu nilikuwa sijui," Bi Nukta alijibu.

"Na nani aliiweka saa hiyo?"

Bi Nukta akatazama meza. Mlango ulikuwa wazi nusu, na nje yake alisimama Mzee Koki, karatasi ya ukutani mkononi. Akaingia bila kubisha.

"Mimi ndiye niliyebonyeza," alisema. Akaiweka karatasi mbele ya Injinia. "Na mwandiko huu, bosi, ni wako."

Injinia aliusoma mwandiko wake. Saa 1 asubuhi. Masikio yalimbadilika rangi. Alikuwa amesoma miaka mitano mambo ya mashine, na siku ya kuandika agizo aliandika kama anavyomwambia mama yake saa ya kuja kula. Pale kona Mama Mkemia alijifuta jicho zima kwa kitambaa, na hakuna aliyeweza kujua kama alikuwa analia au anacheka.

Barua ilisainiwa kabla ya saa saba. Injinia alisaini bila maneno mengi. Aliandika "anafaa kabisa," kisha akatafakari, akaongeza kwamba kuanzia sasa agizo lolote la mashine lisiwekwe kabla fundi wa maabara hajalisoma. Habari ya Mzee Koki iliishia kwenye onyo la mdomo, kwa kuwa isingewezekana kumwandikia yeye peke yake. Kwa watu wa nyumba za juu na wa zahanati lilipelekwa tangazo la kuomba radhi, ambalo Bi Nukta alilisahihisha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza lilisema "tatizo dogo" bila kutaja kiasi.

Alasiri, Bi Nukta akiwa anafunga kabati la vidonge, Mzee Koki alimjia tena mlangoni. Safari hii hakuwa na chai. Alizunguka zunguka na habari za mvua, za bei ya mabati, kisha akafika. Binti yake wa mwisho anajaza fomu ya kuchagua masomo, Jumatatu ndiyo mwisho. Anang'ang'ania sayansi. Yeye baba yake amekataa kuweka sahihi kwa wiki mbili sasa, akimwambia huko atazeeka bure. Sasa alitaka kujua, bila kuficha: hiyo kazi inamharibu mtu mikono? Na ni kweli kwamba ni ngumu?

Bi Nukta akamnyooshea mikono yake aione. Kidole kimoja kilikuwa na doa la kahawia ambalo halitoki, na ngozi ya viganja ilikuwa imekauka. Akamwambia ndiyo, inaharibu kidogo, mafuta yapo. Na ngumu ni ngumu. Yeye mwenyewe kemia ilimwangusha mara ya kwanza. Akamwuliza huyo binti akikosea swali anafanya nini.

"Halali," alisema Mzee Koki kwa masikitiko. "Anatuwashia taa mpaka alipate."

"Basi mwekee sahihi."

Mzee akatafuta karatasi mifukoni, hakupata, akatoa kalamu na kufungua kiganja. Akaomba atajiwe masomo taratibu, asije akakosea tena. Fizikia. Kemia. Hesabu. Bi Nukta akamwambia aongeze baiolojia, maana kwenye maji kuna wadudu pia. Kiganja kilikuwa kimejaa. Mzee Koki akageuza mkono, akalowesha ncha ya kalamu kwa ulimi, akaanza kuandika upande wa pili.